Sura Niliyoitimiza Miguuni mwa Mama

Nina miaka ishirini na minne, sijaolewa, na ninaishi pamoja na mama yangu katika jiko la mjomba wangu, karibu na soko la Nyamarambe. Nawaandikia ninyi wasomaji wenzangu, hasa mnaoipenda Biblia kama ninavyoipenda mimi... maana haya yaliyonipata yalinipata nikiwa nimeishika mkononi!

Sikuwa mlevi. Sikuwa malaya. Sikuwahi kuiba hata ndizi moja. Kosa langu lilikuwa kutaka kuwa mkamilifu. Mtaniuliza, je, hilo nalo ni kosa? Ngojeni niwaeleze.

Kwetu hasa ni upande wa Magwagwa. Mama alizaa watoto kadhaa, wote wakafa wadogo, nikabaki mimi Kemunto peke yangu. Hakubahatika kubaki na mtoto wa kiume. Baba alifanya kazi katika mashamba ya chai huko Kericho, naye alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Hakuwa Mkristo, lakini hakutuzuia. Alikuwa akisema, “Nendeni mkaimbe, mradi ng'ombe akamuliwe kabla hajaanza kuimba yeye.”

Shule sikuingia. Herufi nilizijua katika darasa la Sabato, kwenye chati iliyotundikwa ukutani, kisha nikajifundisha mwenyewe silabi kwa silabi. Nyumbani tulisema Ekegusii tu, kwa hiyo hata Kiswahili nilikipata ndani ya Biblia. Mpaka leo nikiomba chumvi sokoni watu hucheka, wanasema naongea kama nabii.

Biblia yenyewe niliachiwa na mwalimu wa misheni alipohamishwa. Siku ileile nikaweka nadhiri: nitaisoma yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, nisiruke hata jina moja la vizazi vya kale.

Lau ningeishia hapo! Lakini moyo wangu haukujua kutulia. Nikikwama kwenye neno moja, nilirudi mwanzo wa sura. Nikisoma mawazo yakiwa kwenye kuni au maji, nilirudi mwanzo wa sura. Hata hivyo niliona bado sijasoma vya kutosha. Ndipo nikajiwekea sheria nyingine, nzito kuliko zote: sura isiyotendwa haijasomwa. Kama kuna jambo ndani yake la kutendwa, sitafungua sura inayofuata mpaka nimelitenda.

Nani aliniagiza hivyo? Hakuna! Si mchungaji, si mwalimu. Ni mimi na hofu yangu.

Nilipofika Mambo ya Walawi, mjusi akaanguka ndani ya chungu chetu cha maji. Nikakivunja, kama ilivyoandikwa. Kilikuwa chungu kipya ambacho mama alikinunua kwa Wajaluo sokoni na kukibeba kichwani kupanda mlima wote ule. Aliangalia vigae, akaniangalia, akasema, “Huyo Mungu wako naona hajawahi kubeba chungu.” Kisha akacheka, akatafuta kibuyu.

Nilipofika penye katazo la kupanda mbegu za namna mbili katika shamba moja, niling'oa maharagwe yote aliyokuwa ameyapanda katikati ya mahindi, kama wanawake wote wa kwetu wanavyopanda. Siku hiyo mama hakucheka. Lakini hakunipiga pia. Aliinama akaokota yale machanga, akasema tutakula majani yake. Nikaona amekubali. Nikaona Bwana yu pamoja nami!

Ah, laiti angenipiga...

Miaka ikapita. Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu, chumvi na nguo zikiwa adimu, nilipofika kwa nabii Isaya. Mama alikuwa ameanza darasa la ubatizo. Na katika sura ya tatu nikakuta wanawake wenye kiburi, wanaotembea wakiliza mapambo ya miguuni, na Bwana akisema atayaondoa.

Nikainua macho. Mama alikuwa anapita na kikapu cha wimbi, na miguuni mwake... kling, kling, kling.

Wasomaji wa mbali hamtajua ebitinge ni nini. Ni pete za chuma anazovishwa mwanamke wa Kigusii miguuni anapokamilisha ndoa yake. Zikishafungwa hazivuliwi. Siku zikikatwa, ni moja kati ya mawili: mume amekufa, au mke amemwacha. Hakuna la tatu. Mwanamke aliyemwacha mume hana boma, na asiye na boma hana mahali pa kuzikwa, kwa maana kwetu mwanamke huzikwa kwa mumewe, hazikwi kwa ndugu zake. Hayo yote niliyajua. Msidhani sikuyajua!

Nilimwendea mzee wa kanisa letu, nikamwambia mama hawezi kubatizwa akiwa na vyuma vile. Alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. Akaniambia kanisa lingefurahi vikitoka, lakini lisingefurahi vikitoka bila baba kujua. “Mwache amngoje mume wake,” alisema. “Mungu amengoja miaka mingi, binti yangu. Mwisho wa mwezi hauwezi kumshinda.”

Mtu mwenye akili angetulia. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza: na kama Bwana akirudi kabla ya mwisho wa mwezi? Mama yangu akutwe hivyo? Na mimi nikutwe kwenye sura ya tatu?

Nikaacha kula. Nilikaa mbele ya ukurasa ule nikiusoma tena na tena na kulia. Mama aliniletea uji, ukapoa. Aliniletea ndizi za kuchemsha, nikazisukuma. Alinisihi tumngoje baba, amweleze yeye mwenyewe, kwa maana baba si mtu mgumu. Nikamwambia kama anampenda baba kuliko Mungu, aseme tu.

Ni mimi niliyesema maneno hayo kwa mama yangu!

Mwishowe alikuja akaketi chini mbele yangu, akanyoosha miguu. “Nimezika watoto wa kutosha,” alisema. “Kama ni vyuma hivi vinavyokuzuia kula, vitoe.”

Sokoni Magwagwa kulikuwa na fundi wa baiskeli mwenye tupa ya kukatia chuma. Nilipomweleza kazi yenyewe aliziba masikio. “Dada, mimi naziba pancha, sivunji ndoa. Nenda zako.” Nikarudi siku ya pili nikamwambia nimebadilisha nia, nataka tu tupa ya kunolea majembe. Akanipa. Nilisema uongo ili nitimize neno la Mungu, na sikuona ajabu yoyote!

Ilikuwa Ijumaa, mchana mweupe, nyuma ya ghala. Chuma kilipata moto kwa kukatwa, kikawa kinamuunguza, naye akawa anajimwagia maji kwa kiganja. Hakulalamika. Pete ya mwisho ilipoanguka, ngozi ya chini yake ilikuwa nyeupe kama majivu. Alisimama, akapiga hatua, akayumba.

“Miguu imekuwa ya mtoto,” alisema.

Nami sikungoja hata kumshika mkono. Nilikimbilia ndani nikafungua sura ya nne! Inaanza na wanawake wanaomshika mwanamume mmoja na kumwomba waitwe kwa jina lake tu, ili aibu yao iondolewe. Niliisoma kwa furaha, bila kukwama hata mara moja... na sikuelewa kitu. Mama alikuwa bado ameketi nje.

Sabato ilipita bila yeye kutoka bomani. Jumapili maji yakaisha, akashuka mtoni.

Huko alimkuta jirani yetu Kwamboka akifua. Kwamboka aliona miguu ile mitupu, na hakuuliza. Nani angeuliza? Aliweka mikono kichwani akapiga ukelele wa msiba. Wanawake waliokuwa shambani ng'ambo ya mto wakaupokea, wa mlima wa pili wakaupokea kwao, na kabla mama hajafika nyumbani na mtungi wake, baba yangu alikuwa amekwisha kufa katika milima yote ya kwetu!

Watu walijaa bomani. Nyanya, mama yake baba, alianguka kwenye majivu ya jikoni akajipaka usoni. Wanaume walileta ng'ombe mbio, kama inavyofanywa mzee anapokufa. Mama alikuwa akienda kwa huyu na kwa yule akisema yu hai, yuko kazini, hana ugonjwa. Walimshika mikono wakimtuliza, wakidhani amerukwa na akili kwa huzuni.

Ni Baba Mdogo Nyamweya, ndugu wa baba, aliyenyamazisha kilio. Alimwita mama katikati ya uwanja.

“Shemeji, ndugu yangu amekufa?”

“Hajakufa.”

“Basi umemwacha.”

“Sijamwacha.”

“Mwanamke, miguu yako inasema moja kati ya hayo. Wewe unasema lipi?”

Nyanya aliinua uso wake wenye majivu. “Nani aliyekukata? Mtaje huyo mwanamume, tumjue.”

Mama alinitazama kidogo, kisha akatazama chini.

“Nimejikata mwenyewe,” alisema.

Wasomaji wenzangu... nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake! Ningesema neno moja, “Ni mimi,” wangenipiga, wangenitukana, labda wangesema sina adabu, kwa kuwa kwetu mtoto hagusi mambo ya ndoa ya wazazi wake, na kijana gani angenioa baada ya hapo? Lakini mama angebaki salama. Wangesema ana mtoto mwenye wazimu, basi.

Sikusema. Nilijiambia kwamba mama ameniashiria ninyamaze, na kuwatii wazazi ni amri. Mimi niliyerudi mwanzo wa sura kwa kukosea neno moja, siku hiyo nilipata amri ya kujificha nyuma yake!

Mtu alitumwa Kericho. Baba alikuja kwa miguu kwenye mvua, akakuta uwanja wake umekanyagwa na ng'ombe wa msiba wake mwenyewe. Mama yake alimpapasa uso kama kipofu.

Hakuruhusiwa kulala nyumbani kwake mpaka atakaswe, kwa sababu mtu aliyeliliwa akiwa hai amekwisha kuonyeshwa njia ya kaburini. Alilala kwa ndugu yake. Asubuhi alikuja akasimama nje ya mlango wetu.

“Mama Kemunto, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea kitu,” mama alijibu kutoka ndani.

“Basi ni kwa nini nimeliliwa?”

Halafu baba alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kondoo atachinjwa, kilio kifutwe, kisha ataitwa mhunzi kutoka ng'ambo ya mto, amfunge mama pete upya mbele ya watu wote, na mambo yaishe. Nyamweya alipinga sana. Baba akamwambia mke ni wake, na miguu ni ya mkewe.

Mnaona alivyokuwa baba yangu? Mlango ulikuwa umefunguliwa tena! Mama angekuwa na boma lake, na siku yake ikifika angelala upande wa nyumba yake kama wanawake wengine. Ilibaki mhunzi aje tu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hata mama hakulijua mpaka nilipoanza kuandika haya. Niliposikia mhunzi ameitwa, niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya mama, bali kwa ajili ya sura yangu! Pete zikirudi, sura ya tatu itakuwa haijatendwa, na yote niliyosoma baada yake yatakuwa bure. Nikapiga magoti katika migomba nikaomba mhunzi asije.

Mvua ikanyesha, mto ukafurika. Mhunzi hakuja.

Baba akashikwa na homa. Mwaka ule homa ilipanda kutoka nchi za chini hadi milimani kwetu, ikaua watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Lakini nani alikumbuka wengine? Wote walisema ni kile kilio. Baba alikuwa akitetemeka chini ya blanketi kwa ndugu yake, na mama haruhusiwi hata kumpelekea maji. Mimi niliruhusiwa.

Kila nilipompelekea maji niliazimia kumwambia. Na kila mara niliona maneno hayajakaa sawa. Nianze na Isaya, au na tupa? Nimwambie mbele ya Nyanya, au peke yake? Nilikuwa nikitunga ungamo lisilo na kasoro... Nilikuwa ningali nalitunga alipokata roho.

Jamani! Mto ulipopungua, mhunzi alifika na vyuma vyake begani, akakuta watu wanachimba kaburi.

Kwetu mjane huvuliwa pete zake kwa heshima, baada ya mazishi. Mama hakuwa na cha kuvuliwa. Alipojaribu kusogea kaburini, wake wa shemeji zake walifunga njia. Nyanya alimwambia, “Ulimzika siku nyingi. Sisi tunamalizia.”

Hapo ndipo niliposema. Nilipiga kelele mbele ya watu wote kwamba ni mimi, kwamba nilimkata kwa tupa ya fundi wa baiskeli, kwamba mama alinikubalia kwa sababu sili. Nilieleza yote. Nilileta hata Biblia nikawaonyesha ukurasa.

Walinitazama kwa huruma. Nyamweya aliweka mkono begani mwangu, tena kwa upole, akasema, “Mtoto mwema humtetea mama yake. Lakini siku ile tulipouliza, ulikuwepo.”

Ukweli uliochelewa una sura ya uongo. Mzee wa kanisa alijaribu kuniunga mkono, wakamwambia yeye ndiye mwenye dini inayowavua wanawake pete, anyamaze.

Mama alifukuzwa kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nami nilimfuata. Tulipita Kisii mjini, tukaendelea hadi huku Nyamarambe kwa kaka yake. Njia nzima hakunilaumu. Alikuwa akijikwaa tu, kwa sababu bado hajazoea miguu ile.

Alibatizwa huku, mtoni, pamoja na wengine. Watu waliimba. Mimi nililia, wakadhani ni furaha.

Na Biblia? Niliimaliza. Ndiyo, niliimaliza, hadi amina ya mwisho. Nilidhani nitasikia sauti, au moyo utakuwa mwepesi. Nilifunga kitabu, nikasikia mke wa mjomba akilalamika nje kwamba kuni zimeisha. Basi.

Baadaye nilirudi kwa Isaya, bila sheria zangu, nikaisoma ile sura polepole kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Nikaona kitu. Kabla ya wale wanawake, Bwana anawashtaki wazee na wakuu waliokula mali ya maskini na kuzisaga nyuso zao. Wale wanawake walikuwa wa nyumba hizo. Mama yangu alikuwa na chuma, si dhahabu. Alikuwa na mtoto mmoja, chungu kilichovunjwa, na mume aliyemwita kwa jina la mtoto wao. Kama kulikuwa na mtu aliyesagwa uso katika hadithi hii, ni yeye, na msagaji ni mimi! Nilikuwa nimeisoma mistari hiyo mara ngapi? Niliipita kwa sababu sikuona humo kazi ya kufanya.

Wasomaji wapenzi, nawasihi sana. Msiache kusoma. Mimi sijaacha, wala sitaacha, maana sina pengine pa kwenda na dhambi yangu. Lakini msisome kama nilivyosoma mimi, peke yenu na hofu yenu, mkikimbilia mwisho. Someni na watu. Mkikuta neno linalowachoma, lianze na miguu yenu wenyewe. Likimgusa mtu mwingine, mwulizeni kwanza litamgharimu nini, na mkiambiwa mngoje, ngojeni! Na mkikosea, ungameni upesi, hata kwa maneno mabovu. Msingoje yanyooke. Aliye kitandani hangoji.

Mama amezeeka haraka. Amekuwa anakohoa tangu masika. Kwa Nyamweya hatakubaliwa kuzikwa, na huku mjomba ni mtu mwema, lakini nimesikia wazee wa hapa wakimwonya kwamba dada aliyerudi hazikwi ndani ya boma la kaka yake, asije akaleta mkosi kwa watoto. Wametaja mahali, nje ya ua, karibu na njia. Walidhani mama hasikii.

Juzi Sabato, nilipofungua Biblia nimsomee, alikunja miguu yake chini ya nguo. Hufanya hivyo kila mara nikiifungua, nadhani hata hajijui. Akaniuliza, “Hebu niambie wewe uliyemaliza. Siku ile wafu watakapoitwa, aliyezikwa mahali pasipo pake ataonekana?”

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuanza kugeuza kurasa kutafuta mstari. Nikauzuia.

“Ataonekana, mama,” nilisema. “Ataitwa kwa jina.”

“Umesoma hivyo?”

Sikujua nimesoma wapi. Nilifunga kitabu, nikamshika miguu kwa mikono yangu miwili, ilikuwa baridi, nikamwambia ndiyo.